Baniani na kiatu chake: namna ya kuzuru hekalu la Kihindu bila kumkosea mwenyeji wala dini yako

Kila mtoto wa Pwani amekua akiisikia methali hii: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Huambiwa mtu anayemsema mwenzake vibaya lakini likimfika la kumfika humkimbilia yuleyule. Methali hii inatusema sisi kuliko inavyomsema Baniani. Tumekaa naye vizazi na vizazi, tumekopa unga na mafuta ya taa dukani kwake, tumemsengenya akigeuza mgongo, na bado hatumjui. Wengi wetu tumepita mbele ya hekalu lake mara mia na hatujapanda ngazi hata moja.

Wala si Pwani tu. Mchukue kijana wa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya kaunti ya Migori, au mwenziwe wa upande wa Homa Bay. Kile anachokichimba huenda kikaishia mikononi mwa sonara, na neno sonara tumelitoa Uhindini, kama tulivyotoa gari, bima, laki na chapati. Akipanda matatu kwenda Kisumu ataona bendera juu ya paa la hekalu na kusikia kengele. Lakini mwambie aingie ndani, atakuuliza: "Mimi? Wataniruhusu? Na nikiingia, si nitakuwa nimeabudu sanamu?"

Hayo ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Makala haya yanayajibu kwa mpango: kwanza tujue Baniani ni nani, kisha kwa nini hekalu la kuchongwa ni nadra mashambani, kisha namna ya kuingia, na mwisho lile swali gumu la imani ya mgeni.

Mhindi si dini

Kiswahili cha kawaida humwita kila mwenye asili ya Bara Hindi "Mhindi", na hapo ndipo kosa linapoanza. Wazee wa Mombasa, Lamu na Unguja walikuwa wakitofautisha vizuri zaidi. Bohora na Khoja ni Waislamu wa madhehebu ya Shia. Mgoa kwa kawaida ni Mkatoliki. Kalasinga ni yule mwenye kilemba na ndevu, wa dini ya Sikh. Baniani ndiye Mhindu, ingawa watu walimchanganya na Mjaini, ambaye dini yake ni nyingine.

Tofauti hizi zina maana kwa msafiri. Wengi wetu tukienda Nairobi kwa barabara tumesimama Makindu tukala chakula cha bure kwenye ile nyumba ya ibada ya mwaka 1926. Ile si ya Wahindu. Ni ya Masikh, iliyojengwa na watu wa reli, na desturi ya kumlisha kila ajaye bila kumuuliza kabila wala dini ni nguzo ya dini yao. Vilevile lile jengo la marumaru nyeupe lililofunguliwa mwaka 1963 ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, ambalo watalii hulipiga picha kwa wingi, ni la Wajaini. Hekalu la Kihindu ni jingine, na lina adabu zake. Wenyewe huliita mandiri.

Kwa nini mashambani ni haba

Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Baada yake zikaja meli za ziwa, na nyuma ya meli wakaja wenye maduka. Mfanyabiashara Allidina Visram, Khoja ambaye jina lake limebaki kwenye shule hapa Mombasa, alifungua matawi kuanzia Pwani hadi Uganda, na wengine wakafuata njia hiyo. Miji midogo ya Nyanza Kusini, kama Kendu Bay, Homa Bay na Migori, ilijua duka la Mhindi kabla ya kujua mambo mengi tunayoyaona leo ni ya kawaida. Alikuwa ananunua ngozi, karanga na samli, na anauza nguo, chumvi na sukari.

Mwenye duka wa namna hiyo aliabudu vipi? Mara nyingi ndani ya nyumba yake. Dini ya Kihindu haimlazimishi mtu kwenda hekaluni siku fulani ya wiki. Rafu moja nyuma ya duka, picha, taa ya samli, ua na udi vinatosha. Hiyo nayo huitwa mandiri, ya nyumbani. Ndiyo maana mtu aliyekulia kijijini angeweza kununua kwa Baniani miaka ishirini asijue kwamba hatua tano nyuma ya kaunta kuna mahali pa ibada.

Hekalu kubwa ni jambo zito zaidi, na sababu si pesa peke yake. Sanamu ikishawekwa hekaluni kwa ibada maalumu ya kuitia uhai, kwa imani ya Wahindu huwa si jiwe tena bali ni makazi ya mungu. Tangu siku hiyo lazima iamshwe asubuhi, ioshwe, ivishwe, iletewe chakula, ipumzishwe mchana na kulazwa usiku, kila siku, bila kukosa. Kuhani lazima awepo. Watu wa kumlipa na kumsaidia lazima wawepo. Pasipo na watu wa kutosha, ni afadhali hekalu lisijengwe kuliko lijengwe na kuachwa.

Historia yetu nayo haikuwasaidia waliobaki mashambani. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wasio raia wasifanye biashara katika maeneo mengi nje ya miji mikubwa. Mwaka uliofuata maelfu ya Wahindi wa Kenya wenye paspoti za Uingereza walikimbilia huko kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda. Maduka ya miji midogo yakabadilisha mikono, na waliobaki nchini wakajikusanya Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Mahekalu yalibaki pale palipobaki watu. Kwa hiyo mtu wa Osiri akitaka kuliona hekalu, safari yake ni ya mjini.

Mahali pana mwenyewe

Sasa tuingie. Ukitaka kuzielewa adabu zote za hekaluni, shika neno moja: hii ni nyumba, na mwenyewe yumo. Kanuni nyingine zote zinatoka hapo, na Mswahili hatapata taabu kuzielewa kwa sababu nyingi ni zake pia.

Viatu huvuliwa nje. Hatuingii na viatu msikitini, wala barazani kwa watu wenye heshima zao. Mahekalu mengi yana rafu za viatu mlangoni. Vaa soksi kama sakafu ya mawe inakusumbua, lakini fahamu kwamba huku kwetu jua la saa saba huchoma nyayo, kwa hiyo asubuhi au jioni ni afadhali.

Kengele iliyoning'inia mlangoni ni hodi. Muumini huigonga kumjulisha mwenye nyumba kwamba amefika. Wewe mgeni hulazimiki kuigonga, na usiwaache watoto waichezee.

Saa za mchana kati mara nyingi pazia huwa limefungwa au milango yenyewe hufungwa. Mtu asiyejua hudhani amefukuzwa. La, mwenye nyumba amepumzika. Uliza saa kabla ya kutoka nyumbani, hasa kama safari yako ni ndefu.

Mavazi yafunike mabega na magoti. Mwanamke mwenye buibui au leso na mwanamume mwenye suruali au kanzu hawana la kubadilisha. Usiingie na nyama, mayai, sigara wala pombe. Baadhi ya mahekalu huomba hata mkanda na pochi za ngozi zibaki nje, kwa sababu ngozi ni ya mnyama aliyekufa.

Ndani, watu huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa, mahali patakatifu pakiwa upande wao wa kulia. Fuata mkondo huo hata kama wewe unatazama tu. Ukikaa chini, usinyooshe miguu kuelekea kwenye sanamu. Usiguse sanamu, usivuke kizingiti cha chumba cha ndani, na usitoe simu kupiga picha kabla ya kuuliza. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa sehemu mbalimbali wakati wa ibada, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Pwani.

Ukibahatika kufika wakati wa arati, utaona kuhani akizungusha taa ya samli mbele ya sanamu huku watu wakiimba na kupiga makofi. Kisha taa hupitishwa kwa watu, nao hupitisha viganja juu ya moto na kujipaka usoni. Ukitaka tu kutazama, simama nyuma kwa utulivu. Hakuna atakayekusukuma mbele.

Na kuingia ni bure. Kisanduku cha sadaka kipo, lakini hakuna anayesimama kukihesabia.

Kulisoma jiwe

Hekalu la kuchongwa humchosha macho asiyejua aanzie wapi. Anzia juu. Ule mnara uliochongoka juu ya paa huitwa shikara, na mfano wake ni mlima. Chini yake moja kwa moja kuna chumba kidogo, mara nyingi chenye mwanga hafifu, ambamo sanamu kuu imewekwa. Mbele ya chumba hicho kuna ukumbi wa nguzo. Mtu hutoka kwenye jua na kelele, akapita kwenye ukumbi, akaishia mbele ya mwanga mdogo. Jengo zima limepangwa kumpeleka huko taratibu.

Kwenye kuta na nguzo utakutana na nyuso zinazojirudia. Mwenye kichwa cha tembo ni Ganesh, anayeondoa vikwazo, na ndiyo sababu mara nyingi yuko karibu na mlango. Mwenye sura ya nyani ni Hanuman, mfano wa nguvu na utumishi. Mwenye filimbi ni Krishna. Mwenye mkuki wa ncha tatu ni Shiva, na mbele yake hulala fahali wake. Baina yao kuna tausi, tembo na maua ya yungiyungi yasiyo na idadi.

Hilo ua litazame vizuri, kwa sababu unalijua. Limo kwenye milango ya kuchonga ya Unguja na ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mafundi kutoka Gujarat na Kutch walifanya kazi katika miji hii, na patasi zao zimeacha alama kwenye nyumba za Waislamu tunazojivunia kama urithi wa Waswahili.

Nairobi, kwenye barabara iliyojulikana kwa miaka mingi kama Forest Road, kuna hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa Agosti 1999 na kiongozi wao wa wakati huo, Pramukh Swami Maharaj. Ni la kwanza la aina yake barani Afrika kujengwa kwa mawe ya kuchongwa kwa kufuata utaratibu wa kale. Mawe yake ya manjano yalitoka Jaisalmer, India. Yalichongwa huko, yakapewa namba, yakasafirishwa na kupangwa upya hapa, kipande juu ya kipande.

Ajabu zaidi kwa fundi wa siku hizi ni kwamba majengo kama haya hayatiwi nondo. Uzito wa jiwe la juu hushuka kwa jiwe la chini mpaka kwenye msingi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa faida yake. Ameona chumvi ya bahari inavyoila nondo mpaka ikavimba na kuipasua zege ya ghorofa lisilofika miaka thelathini, huku misikiti ya matumbawe na chokaa ikisimama karne kadhaa. Fundi wa hekalu na fundi wa Gede wangeelewana.

Hekalu kule jangwani

Nimesema hekalu la kuchongwa mashambani ni nadra. Lakini lipo moja ambalo ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Ghuba wamelipita barabarani. Liko Abu Mureikhah, katika eneo la jangwa kando ya barabara kuu ya kati ya Dubai na Abu Dhabi. Lilizinduliwa tarehe 14 Februari 2024. Ardhi yake ilitolewa na Sheikh Mohamed bin Zayed, ambaye sasa ni rais wa Umoja wa Falme za Kiarabu. Nje ni mawe ya rangi ya waridi kutoka Rajasthan, ndani ni marumaru nyeupe ya Italia, na minara yake ni saba kwa hesabu ya falme saba za nchi hiyo. Kwenye michongo, pamoja na tembo na tausi wa India, wamo ngamia na kipanga wa Uarabuni.

Yaani mtawala Mwislamu alitoa kiwanja, msanifu mkuu alikuwa Mkristo Mkatoliki, msimamizi wa mradi alikuwa Msikh, na jengo ni la Wahindu. Wafanyakazi wa kila taifa huenda kulitazama siku zao za mapumziko. Nchi ile haina mzaha na dini yake, na haikuona kwamba Uislamu wake umepungua kwa kuwa na jirani.

Jirani huyo naye ana damu ya huku kwetu. Yogiji Maharaj, aliyewahi kuongoza jumuiya hiyohiyo ya Swaminarayan, alifika Afrika Mashariki mwaka 1955 na kuwatembelea wafuasi wake. Wengi wa wafuasi hao na watoto wao, waliohamia Uingereza baadaye, walikuwa miongoni mwa waliojenga hekalu mashuhuri la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995. Watoto wa maduka ya Kisumu, Kampala na Mombasa walibeba mawe hayo.

Swali gumu

Turudi kwa kijana wetu. "Nikiingia, nimeabudu?"

Kuhusu hukumu ya dini yako, muulize shekhe wako au mchungaji wako. Mimi si mmoja wao. Nitakachoeleza ni kile ambacho mwenyeji anakitarajia kutoka kwako, kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kutokujua hilo.

Mwenyeji hatarajii uiname. Hatarajii uombe. Mhindu hana amri ya kumsilimisha mgeni aliyekuja kutazama. Anachotarajia ni utulivu na adabu.

Mambo mawili huwababaisha wageni. La kwanza ni alama nyekundu au ya msandali kwenye paji la uso. Kuhani akija na kidole chake kilichotiwa rangi na wewe hutaki, weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo na useme asante. Ataelewa na kupita.

La pili ni prasada, yaani chakula kilichotangulizwa mbele ya mungu kisha kikagawiwa watu: tunda, ladu, konzi ya karanga na sukari. Kwa Mhindu hiyo ni baraka, na kuitupa chini ni kumdhalilisha. Kama imani yako hairuhusu kuila, usiipokee kisha uitafutie pipa la taka nje ya lango. Kataa mapema, kwa upole, ukisema dini yako ndiyo inayokuzuia. Mtu wa dini huelewa sababu ya dini. Ukiipokea, ipokee kwa mkono wa kulia.

Na kama dhamiri yako inakwambia usiingie kabisa, baki nje utazame michongo. Nako ni kuzuru.

Kwa nini tusumbuke

Mtu anaweza kuuliza: maisha ni magumu, hekalu la Baniani linanihusu nini?

Linakuhusu kwa sababu pengo la kutojuana halikai tupu. Hujazwa na uvumi. Tumewahi kuyasikia: kwamba ndani huzikwa dhahabu, kwamba hutolewa kafara, kwamba nyoka hulindwa humo ili duka lipate wateja. Maneno hayo huchekesha wakati wa amani. Siasa ikichafuka, huwa ndiyo sababu ya kuvunja duka la mtu ambaye babu yake na babu yako walikopeshana.

Katiba yetu ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Diwali imo katika sheria ya sikukuu, kwa ajili ya Wahindu, kama Idi ilivyo kwa Waislamu. Mwezi Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Karatasi zote ziko sawa. Lakini karatasi haimfundishi mtoto wa Osiri wala wa Kisauni kwamba nyuma ya ile bendera kuna bibi anayeosha vyombo vya shaba alfajiri kama bibi yake anavyofagia uwanja wa msikiti au wa kanisa.

Walimu wa somo la dini na la historia wanaweza kulifanya hili kwa gharama ndogo. Pigia simu ofisi ya hekalu wiki moja au mbili mapema, taja idadi ya watoto na umri wao, na omba mtu wa kuwaongoza. Waandikie wazazi ueleze wazi kwamba ni ziara ya kujifunza, na umruhusu mzazi asiyetaka abaki na mwanawe. Waandae watoto kwa adabu zilizoelezwa hapo juu. Waache waulize hata maswali ya kuudhi, maana mtoto asiyeuliza hapo ataulizia mtaani, na mtaani atajibiwa na asiyejua.

Nasi tukumbuke kwamba ziara ina pande mbili. Baniani wengi wamezaliwa Mombasa, wamezeeka Mombasa, na hawajawahi kualikwa kuona futari inavyoandaliwa wala kusikiliza kwaya ya Krismasi. Methali ilisema kiatu chake ni dawa. Mwezi wa Ramadhani ukifika, mwambie naye avue hicho kiatu mlangoni kwako, akae mkekani, ale tambi na mbaazi za nazi.